Simba wa Kuhamia Naye Malawi

Nina hasira, hasa na mimi mwenyewe. Nahamia Malawi, na safari hii niliapa kutomwacha mbwa wangu Simba kwa mama, Kisiwani, kama nilivyozoea. Kijijini hapo kila mbwa wa pili anaitwa Simba. Alfajiri niliita, akaja wa kahawia, nikamtia kwenye tenga, nikampeleka mjini Same kutafuta cheti cha kuvukia mpaka.

“Jike huyu ana umri gani?” akauliza daktari wa mifugo.

“Jike? Nimemlea mwenyewe, ni dume! Umesomea wapi wewe?” nilifoka, watu wakageuka.

Akamwinua. Maziwa yakadondoka mezani.

Simu ikaita.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Jirani anamtafuta Simba wake, watoto wanalia. Na wewe mwanangu, mbona wako umemwacha tena?”