Fundi Makochi Kwenye Foleni ya Akina Mama

Fundi makochi alikuwa na miaka hamsini na minane, na kifua chake kilikuwa sehemu ya vifaa vyake. Kila kochi alilolivalisha kitambaa alilikandamiza kwa kifua, mkono mmoja ukivuta, mwingine ukipiga pini. Ndiyo maana alipopapasa kitu kigumu kama kokwa nyuma ya chuchu ya kushoto, alidhani amegongwa na fremu. Hakikuuma. Akakipa wiki mbili. Wiki zikazaa miezi minne.

Chuchu ilipoanza kuingia ndani, akamwonyesha mkewe. Mkewe alimkumbusha kwamba mama yake fundi alikufa kwa saratani ya matiti, na dada yake wa kuzaliwa naye akafuata kabla ya kufikisha miaka arobaini. Fundi akasema hayo ni mambo ya wanawake.

"Titi unalo," mkewe akamwambia. "Dogo, lakini unalo."

Zahanati ya kwanza walimpa dawa ya kuchua misuli. Ya pili wakampa vidonge vya jipu. Alipofika hospitali kubwa, karani wa dirishani hakuinua hata macho, akamwambia mgonjwa aje mwenyewe, asimtume mume. Fundi akasema mgonjwa ni yeye. Karani akaita mwenzake aje kusikia. Kisha akachukua fomu iliyouliza alivunja ungo akiwa na miaka mingapi na amebeba mimba ngapi, akayakata maswali hayo kwa mistari huku akiguna kama anayeharibiwa kazi.

Kwenye benchi, akina mama walimsogelea wakimuuliza amemleta nani. Alichoka kueleza; mara ya nne akasema amemleta mke wake, yuko chooni.

Daktari, mama mmoja mfupi asiye na maneno mengi, ndiye wa kwanza kumuuliza habari za ukoo wake. Alimminya kifua na kwapa, akamkata kinyama kwa ajili ya kipimo. Majibu yalichelewa wiki tano kwa sababu mtu wa maabara aliona jina la mwanamume, akadhani karatasi imekosewa, akairudisha.

Ilikuwa saratani. Fundi aliuliza kama ni zile fremu.

"Kugongwa hakuleti saratani," daktari akasema. "Umri unachangia. Pombe na unene vinachangia. Kwako, ukoo una uzito zaidi. Na wapo wasio na hata kimoja kati ya hivyo, nao wanaugua."

"Nina mabinti wawili. Nimewarithisha?"

"Huenda, huenda hapana. Baba anaweza kurithisha kama mama. Waambie waje, tusisubiri kokwa."

Titi likaondolewa, akaandikiwa vidonge vya miaka mitano. Mkono wa kushoto ukabaki mzito, hauvuti kitambaa kama zamani. Mabinti walikuja kuangaliwa bila kubembelezwa. Kilichomchoma roho ni mdogo wake wa kiume, tumbo moja, titi moja walilonyonya, ambaye alisikiliza maelezo yote kisha akauliza kama chai ina sukari ya kutosha.

Fundi akavua shati palepale sebuleni kwa mdogo wake, mbele ya shemeji yake. Kovu lilianzia katikati ya kifua likaishia kwapani. Mdogo wake akaliangalia, akasema pole sana kaka, lakini mimi kifua changu ni cha mwanamume.

"Na hiki ulichokuwa unakipanda ukiwa mtoto kilikuwa cha nani?"

Mdogo wake akaahidi kwenda kupimwa mwisho wa mwezi. Tangu hapo imepita miezi kumi na mmoja, na fundi hupiga simu kila Jumapili. Mdogo wake akiona namba, humpa mkewe simu aseme yuko bafuni. Fundi humwambia shemeji kwamba atasubiri, na kweli husubiri, simu sikioni, mpaka salio linakwisha.