Sanduku la Bunduki Lililokuja Tupu

Siku yangu ya kwanza kwenye kaunta ya mizigo maalumu ya uwanja wa ndege nilidhani nimepelekwa kwa wapiga muziki. Mbele yangu walisimama watu watatu wenye masanduku meusi marefu, na kwa jinsi walivyoyashika kwa uangalifu sikuwa na shaka kwamba ndani mna magitaa. Supavaiza wa zamu, mama mmoja wa Kiskoti mwenye sauti ya chini, aliniambia nisimame kando nitazame. Abiria wa kwanza akafungua kufuli mbili, akainua kifuniko, nikaona bunduki ya kuwindia. Nilirudi nyuma bila kujijua.

"Wewe umetoka nchi gani?" supavaiza akaniuliza.

"Tanzania."

"Basi huyu anakwenda kwenu kuwinda. Kazi yako ni kuhakikisha bunduki yake inafika bila mkwaruzo."

Nilirudi nyumbani Lewisham, kusini mwa London, jioni ile nikamweleza mume wangu, naye akaniuliza kama nimekuja Ulaya kuwasaidia watu kupeleka bunduki Afrika. Mpaka leo, nikiwa nimestaafu na miguu yangu inauma kwa kusimama miaka yote ile, swali lake bado linanizungukia kichwani.

Vijana wakisikia nilifanya kazi uwanja wa ndege wa London hudhani nilikuwa mhudumu wa ndani ya ndege. Mimi nilifika nchi hii na cheti cha ukatibu muhtasi nilichokipatia Morogoro, na kampuni iliyoniajiri kuhudumia abiria iliniweka mahali ambapo wengine hawakupenda kukaa. Kaunta yetu ilikuwa pembeni kabisa, karibu na milango ya lifti. Tulipokea kila kilichokuwa kirefu mno au kigumu kubebeka: baiskeli, vifaa vya kuteleza kwenye theluji, viti vya magurudumu, na bunduki.

Sheria za kusafirisha bunduki si ngumu kuzieleza. Bunduki haikai na abiria. Huenda chini, kwenye tumbo la ndege. Lazima iwe imetolewa risasi, nazo risasi zifungwe mbali nayo. Sanduku lake liwe gumu, la plastiki nene au alumini, lisilopinda hata mtu mzima akilikalia. Likishafungwa, hata pembe yake moja isiweze kubanduliwa kiasi cha kupitisha vidole. Funguo hubaki na mwenyewe. Kabla ya kufungwa, askari polisi huja kaunta, husoma namba iliyochongwa kwenye chuma cha bunduki na kuilinganisha na kibali. Ndani ya sanduku huwa na sponji nzito iliyokatwa kwa kufuata umbo la bunduki, mtutu una mahali pake na kitako kina mahali pake, ili sanduku likianguka bunduki isicheze. Lile shimo la kwenye sponji sisi wa kaunta tuliliita kitanda, na kuiweka bunduki humo tuliita kuilaza. Abiria waliozoea safari nao walisema hivyohivyo.

Baada ya muda walinihamishia chini, kwenye ukumbi wa kupangia mizigo. Huko bosi wetu alikuwa meneja wa mizigo, mwanajeshi mstaafu aliyetembea kama bado yuko gwarideni. Ndipo nilipoelewa sababu ya sanduku gumu. Niliona masanduku yakidondoka kutoka mkanda mmoja hadi mwingine, yakigongwa na mengine, yakirundikiwa mizigo mpaka juu. Bunduki ya mtu mmoja ilikuja ndani ya mfuko wa turubai uliowekwa katika sanduku jembamba la bei rahisi, na kitako chake cha mbao kilipasuka kabla hata ndege haijaondoka. Mwenyewe alikuwa mlenga shabaha aliyekuwa anakwenda mashindanoni. Alilia mbele yetu, nami nikajikuta namwonea huruma kwa kuvunjikiwa na kitu ambacho mimi nisingekubali kiingie nyumbani kwangu.

Siku hiyo nilimuuliza meneja. "Bosi, hapa sisi tunailinda bunduki isiumizwe na watu, au tunawalinda watu wasiumizwe na bunduki?"

"Ndiyo," akajibu, akaendelea kutembea.

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa kazi. Nikarudishwa juu, nikapandishwa cheo hadi kuwa mkuu wa kaunta, na mabosi wakabadilika. Kila mpya alikuja na msisitizo wake, mmoja kufuli, mwingine risasi, mwingine heshima kwa abiria. Mimi nilifuata wote.

Nilikuwa nimebakiza miezi michache kustaafu alipokuja Mzee Gurdev.

Alikuwa Kalasinga mwenye umri mkubwa, mrefu, kilemba cha buluu, koti la suti lililopigwa pasi vizuri. Alikuja peke yake kwa treni ya Elizabeth kutoka Southall, magharibi mwa London, akiburuta sanduku jeusi lenye magurudumu. Aliposoma jina langu kwenye beji, uso ulimfunguka.

"Wewe ni mtu wa wapi, mama?"

"Morogoro, mzee."

"Mimi wa Nakuru. Nimezaliwa huko, nikasomea huko, nikaoa huko. Leo nimepata mtu wa kuongea na yeye."

Aliniambia kwamba kila mwaka huenda Kenya kulenga shabaha na ndugu zake, na hajawahi kukosa. Makaratasi yake yote yalikuwa sawa. Risasi zilikuwa katika boksi lake, mbali na bunduki, kama inavyotakiwa. Nilimwita askari polisi wa zamu, kijana mpole ambaye tulizoeana naye, akaja. Mzee akatoa funguo mfukoni, akafungua kufuli ya kwanza, akafungua ya pili, akainua kifuniko.

Sanduku lilikuwa tupu. Sponji ilikuwa imekatwa vizuri, mahali pa mtutu palionekana, mahali pa kitako palionekana, lakini bunduki haikuwamo.

Mzee akalitazama. Kisha akanitazama mimi. "Bunduki yangu umeiweka wapi, mama?"

Nilidhani anatania, nikatabasamu. Hakutabasamu. Askari akauliza kwa Kiingereza bunduki iko wapi. Mzee, ambaye dakika chache nyuma alimsalimia askari kwa Kiingereza kizuri kuliko changu, akamjibu kwa Kiswahili, na tangu hapo hakurudi tena kwenye Kiingereza. Ilikuwa kana kwamba lugha ile imemtoka.

"Anasemaje?" askari akaniuliza.

"Anasema amemwachia Yosefu aifute vumbi."

"Yosefu ni nani?"

Nikamuuliza mzee. Yosefu alikuwa mfanyakazi wa karakana ya baba yake Nakuru, kabla hata sijazaliwa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mzee wangu hayupo nasi sawasawa, na kwamba mahali fulani kati ya Southall na kaunta yangu kuna bunduki isiyo na mtu. Miaka yote nilikuwa nimeona bunduki ndani ya masanduku. Sikuwahi kuona sanduku ambalo bunduki yake haijulikani ilipo.

Askari akaita wenzake kwa redio, akapiga simu kwa binti wa mzee, aliyeitwa Manjit. Aliweka simu kwenye spika ili nami nisikie. Manjit alikuwa nyumbani na watoto wake wawili, shule zilikuwa zimefungwa. Alisema yeye mwenyewe alimsindikiza baba yake hadi stesheni.

"Sanduku hilo nililinyanyua kwa mikono yangu ngazini," alisema. "Lilikuwa zito. Mbona lisiwe na kitu?"

Sanduku la namna ile ni zito hata likiwa tupu. Askari akamwomba aangalie kabati la chuma ambamo bunduki hufungiwa. Tulimsikia akipanda ngazi, tukasikia mlango wa chuma ukilia.

"Kabati liko wazi," akasema. "Hamna kitu."

"Watoto wako wapi?"

"Wanatazama televisheni."

"Watoe nje. Waende kwa jirani. Wenzangu wako njiani."

Niliinama mbele ya mzee, aliyekuwa amekaa kwenye kiti nilichomletea. "Mzee wangu, nisikilize. Asubuhi, kabla ya kutoka, bunduki uliifanya nini?"

"Nimeilaza."

"Umeilaza wapi?"

"Kitandani. Vizuri kabisa. Hakuna mtu ataigusa."

Nikamwambia askari: anasema ameilaza kitandani. Askari akaelekeza kidole kwenye sponji. "Hapa? Lakini hapa haipo."

Nikamrudia mzee, naye akarudia maneno yaleyale. Nimeilaza kitandani. Tukaanza kufikiri kwamba aliiweka kweli ndani ya sanduku, kisha ikachukuliwa njiani, labda kwenye treni aliposinzia. Askari akaagiza kamera za stesheni ziangaliwe. Lakini kufuli zote mbili zilikuwa nzima, na mwizi gani huiba bunduki kisha akafunga sanduku vizuri na kumwachia mwenyewe funguo? Meneja wa zamu akaja, akauliza, akapewa majibu matatu tofauti, akaondoka kupiga simu. Abiria wa baiskeli walisimama kwenye foleni wakitutazama.

Nilikaa sakafuni karibu na miguu ya mzee. Nilikuwa nimechoka, na nadhani uchovu ndio ulionifanya niulize swali la kijinga.

"Kitanda kipi, mzee?"

Akanitazama kama mtu anayemwonea huruma mtoto asiyeelewa. "Kitanda changu, mama. Upande wa mke wangu. Hapo hapana mtu sasa."

Nilisimama ghafla nikamtafsiria askari. Manjit bado alikuwa kwenye simu, amesimama barabarani na watoto. Polisi walikuwa wameshafika kwake. Askari wetu akawaambia waende chumba cha mzee, wafunue shuka. Tulisubiri. Kwenye simu nilimsikia mtoto mmoja akimwambia mama yake kwa Kiingereza kwamba wao asubuhi yote walikuwa wamekaa kitandani kwa babu, kwa sababu televisheni yake ndiyo kubwa.

Waliikuta chini ya blanketi, imefunikwa hadi juu, na imewekewa mto. Haikuwa na risasi.

Nimeulizwa mara nyingi kama nilifurahi. Sijui. Nilikwenda chooni nikaosha uso, na niliporudi meneja wa zamu alikuwa ananingoja.

"Yeye anakuelewa wewe," alisema. "Mwambie hasafiri leo."

Nilimwambia. Nilimweleza kwa upole kwamba bunduki imepatikana, kwamba polisi wataitunza, kwamba binti yake yuko njiani kuja kumchukua. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa nini uliilaza kule, mzee?" nikamuuliza.

"Safari ni ndefu," akasema. "Ipumzike kwanza." Kisha akanyoosha mkono. "Sasa nipe. Ndege itaniacha."

"Iko na polisi, mzee wangu."

"Nilikupa wewe. Sikumpa polisi."

Alilisema hilo bila kupaza sauti, mara nyingi, mpaka Manjit alipofika. Manjit alimshika baba yake mkono, akanitazama kwa macho mekundu, akasema asante kwa Kiingereza. Mzee alipokuwa anaondoka aligeuka kunitazama namna mtu anavyomtazama aliyemdhulumu.

Kibali chake kilifutwa, na hakuna mtu mwenye akili angesema vinginevyo. Hata hivyo nililala vibaya wiki ile. Kwa kazi yangu yote nilikuwa nimewafikishia watu bunduki zao salama, wazuri kwa wabaya, bila kujua zinakwenda kupiga nini. Huyu mmoja aliyetaka tu kusimama na ndugu zake akipiga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani, ndiye niliyesaidia kumnyang'anya yake. Nilijua ni sawa, lakini kujua hakukunisaidia.

Wiki chache baadaye Manjit alikuja kaunta na boksi la peremende za Kihindi. Alisema tangu mama yake afariki baba yake hana mtu wa kuongea naye Kiswahili, na yeye Manjit anakisikia lakini hawezi kukizungumza. Aliniomba, nikistaafu, niwatembelee.

Sherehe ya kuniaga ilikuwa keki na hotuba fupi ya meneja mpya aliyekosea jina langu. Siku ya kwanza bila kazi niliamka alfajiri nikavaa sare, kisha nikaivua. Kama mnaniuliza kazi ile ilinifundisha nini, naweza kuwaeleza juu ya sponji na kufuli. Zaidi ya hapo sina uhakika. Mwenzangu mmoja wa zamani hunipigia na kusema tuliokoa maisha. Labda. Siku nyingine naona tulikuwa wapagazi tu wenye beji.

Nilikwenda Southall Jumamosi moja, basi kisha treni. Manjit alinikaribisha, akaniketisha sebuleni, akaleta chai yenye tangawizi. Mzee Gurdev aliingia taratibu na kilemba chake cha buluu, akanisalimu kwa adabu. Hakunitambua hata kidogo.

"Wewe ni mtu wa wapi, mama?"

"Morogoro, mzee."

Akafurahi kama mara ya kwanza. Tukazungumza juu ya Nakuru, juu ya mahindi ya kuchoma, juu ya ubaridi wa nyumba za Kiingereza. Manjit alikaa mlangoni akisikiliza. Baada ya kikombe cha pili mzee akasogeza kiti chake karibu na changu, akashusha sauti ili binti yake asisikie.

"Wewe husafiri kwa ndege?"

"Mara mojamoja, mzee."

"Kuna mama mmoja pale uwanjani, kaunta ya pembeni karibu na lifti. Anaongea Kiswahili kizuri sana, mpole, utampenda. Yule usimpe mzigo wako. Mimi nilimpa bunduki yangu mkononi na mpaka leo hajarudisha."

Manjit aliinua kichwa. Nikatikisa changu, asiseme kitu.

"Nimesikia, mzee," nikamwambia. "Sitampa."

Akanipigapiga mkono, akaridhika, akaniongezea chai.