Ukuta wa Maji wa Mwanamkasi

Mwaka wa 1993 maji ya Bofu, mtaa wa Mombasa, yalikuwa yanaringa: asubuhi yako bomba la karibu na msikiti, adhuhuri yamehamia la sokoni, na kina mama wanazunguka na ndoo kichwani. Mwanamkasi, fundi cherehani asiyejua kutulia, akachukua chaki, akauchora mtaa mzima kwenye ukuta wa Mzee Mwinyihaji, na kila penye bomba akapigilia msumari. Anayekwenda kuteka maji atundike kipande cha leso yake kwenye msumari wa bomba aendalo, akirudi akitoe. Ukipita tu unaona maji yako wapi na wangapi wamekutangulia.

Mzee alimpa hadi Ijumaa. "Pakizuka zogo hapa, mwanangu, ukuta wangu naupaka chokaa."

Siku ya kwanza, wallahi, ilikuwa raha tupu! Vitambaa vyekundu vilipanda, vya manjano vikashuka, wanawake ishirini wakausoma ukuta kwa mpigo mmoja bila kuulizana. Mwanamkasi alikuwa akicheka peke yake kama aliyefunga ndoa jana.

Jumatano mambo yakaharibika. Kahaso, mmoja wa wateka maji, alikuwa amekata kipande cha leso yake pale penye maandishi, na maneno ya kumsuta jirani akayaning'iniza juu kabisa ya kitambaa cha jirani yake Nyevu. Nani Mombasa asiyejua leso inavyosema? Nyevu akamjia mikono kiunoni.

"Umenisema, Kahaso!"

"Mie? Nimekata palipochakaa, basi!"

Ndoo zikatupwa chini, misumari miwili ikang'oka. Mwanamkasi alitaka kulia. Akaingia ndani, akatoka na mkasi, akakaa kizingitini akawakatia wote upya, kila mmoja kipande cha pindo tu, lisilo na neno hata moja. Cha Nyevu na cha Kahaso akavitundika msumari mmoja, wanune wakitaka. Wakashindwa kununa, wakaangua kicheko.

Lakini zogo mzee alikuwa amelisikia. Ijumaa, baada ya swala, akatokea na ndoo mkononi, na Mwanamkasi akajua ni ya chokaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Mzee aliutazama ukuta. Mwanamkasi akachungulia ndoo: ilikuwa tupu, kavu kabisa.

"Mwanangu, nyumbani hamna hata tone," mzee akasema, akimwonyesha kipande alichokichana kwenye kikoi chake. "Naona bomba la sokoni kuna wanne tu. Hiki changu nakitundika vipi?"

Mwanamkasi akaangua kicheko, akakipokea kile kipande, akakitundika mwenyewe kwenye msumari wa sokoni.