Neno Nililolisikia Njiani Kutoka Manyovu

Nakumbuka asubuhi moja ya kipupwe, mwanangu, ukungu ulipokuwa umelala juu ya barabara ya Manyovu mpaka usingeweza kuiona taa ya pikipiki yako mwenyewe. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Leo nawaona ninyi vijana mnapandisha milima ile na shati jepesi, kifua wazi, abiria nyuma yenu amejikunja kama jongoo, nami moyo unaniuma. Ndiyo maana naandika. Naandika taratibu, maana kalamu si kazi yangu, na jambo lenyewe ni zito.

Baba yangu alikuwa mtu wa Ujiji, mama yangu Muha wa Heru, huko milimani. Nilipomaliza darasa la saba, baba mdogo Hamisi alinichukua nimsaidie kazi. Alikuwa akinunua dagaa mwaloni, pale mitumbwi inapoegesha, na kuwapandisha milimani kwa pikipiki, kisha anarudi na maharage. Mwaka ule Warundi walikuwa wakivuka mpaka kila siku kukimbia vita kwao. Walikuja na godoro kichwani, na mbuzi, wengine mikono mitupu. Huko Manyovu hakukuwa na nyumba isiyokuwa na wageni.

Sisi watu wa ziwani hatuijui baridi. Mara ya kwanza kupanda huko nilitetemeka mpaka wauza maharage wakanicheka. "Samaki katolewa majini," walisema, "mrudisheni kabla hajafa!" Baba mdogo ndiye aliyenifundisha kujikinga. Koti livae kinyume, vifungo viwe mgongoni, upepo usipate mlango wa kuingilia. Chini ya koti weka kipande cha boksi kifuani. Mikononi vaa soksi, na juu ya soksi mfuko wa plastiki. Nilipofanya hivyo niliona ajabu: baridi ilikuwa nje na mimi nilikuwa ndani, kama mtu aliye nyumbani kwake.

Alinifundisha na jambo lingine la kazi yetu. Aliyekaa nyuma juu ya magunia hawezi kusemezana na dereva, upepo unameza maneno. Kwa hiyo anagonga mgongoni. Akigonga mara mbili, maana yake mzigo umekaa sawa, ongeza mwendo. Tulizoea hivyo hata nikawa siwazi tena. Mgongo ukigongwa, mkono wenyewe unavuta mafuta.

Siku hiyo nilikuwa peke yangu, baba mdogo alikuwa na homa. Nililala Manyovu kwa mama mmoja aliyekuwa akituuzia maharage. Alfajiri alinitolea bibi kizee, mwembamba, amejifunga vitenge viwili, miguu mitupu.

"Shabani, mwanangu," aliniambia, "huyu amevuka mto juzi. Binti yake, Konsolata, yupo Mwandiga, kapokewa na watu pale karibu na soko. Wamepotezana wiki ya pili leo. Usibebe maharage, mbebe huyu."

"Ndiyo, mama."

"Njiani umwangalie. Nguo zake hazijakauka, na mimi ya kumpa sina tena, nimegawa zote."

Nikasema tena ndiyo. Mimi tangu utoto ni mtu wa haya, hasa mbele ya wanawake. Nilikuwa nasema ndiyo ili mazungumzo yaishe. Nilikuwa na koti kubwa, na chini yake sweta zito la baba mdogo, na chini ya sweta lile boksi. Wala halikunijia wazo la kuvua kimoja. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Nami nakuambia, mwanangu, aliyepata joto ni hivyo hivyo. Baridi ya mwenzio huioni kwa macho.

Tulishuka mwendo wa kama saa moja na nusu mpaka Kalinzi. Nikasimama kwenye kibanda cha chai. Bibi hakushuka. Nadhani alijua kwamba akishuka hataweza kupanda tena. Mimi niliingia, nikakaa karibu na moto, nikashika kikombe cha chai ya tangawizi kwa mikono miwili. Ndani walikuwemo vijana watatu wa Ujiji, wachuuzi kama mimi.

"Oya, Shabani!" mmoja alisema akiligonga boksi kifuani kwangu. "Umevaa boksi la biskuti! Unauzwa bei gani, rejareja au jumla?"

"Huyo hauzwi," mwingine akasema, "huyo kashapitwa na tarehe."

Tukacheka. Nilikuwa nimeagiza kikombe cha pili, nacho, Mungu anajua, kilikuwa cha bibi. Nilikibeba mpaka mlangoni. Bibi aliponiona aliinua uso, midomo yake ikiwa imepauka kama jivu, akasema kwa sauti ndogo, "Imbeho, mwananje."

Baridi, mwanangu. Ndivyo alivyosema. Kirundi na Kiha ni ndugu, na neno hilo ni lile lile kwa lugha zote mbili.

Kutoka ndani yule kijana aliyenigonga boksi akapaza sauti: "Anakwambiaje bibi yako wa porini? Kumbe Shabani unajua Kiha! Jamani, tulidhani tuna Mswahili mwenzetu hapa!"

Siku zile, kwetu Ujiji, vijana tulikuwa tunaona kusema Kiha ni ushamba. Mwenye mama Muha alikuwa akimficha mama yake mdomoni. Nilisikia uso wangu unawaka. Nikajibu, "Sijui. Sijui kilugha chake." Kisha, badala ya kumfikishia bibi ile chai, nikainywa mimi pale mlangoni, wima, ili waone kwamba ilikuwa yangu. Iliniunguza ulimi. Nikamwambia bibi kwa Kiswahili, bila kumtazama, "Tunafika sasa hivi, bibi," nikawasha pikipiki.

Baada ya Kalinzi barabara inateremka, na upepo unakuja wa mbele. Tulikwenda kidogo, akanigonga mgongoni mara mbili. Mkono wangu ukavuta mafuta. Akagonga tena. Nikaongeza tena. Nilijiambia, bibi ana haraka ya kumwona binti yake, na ni haki yake. Alikuwa akiniomba nisimame, mwanangu, nami nilikuwa nikimpelekea upepo zaidi. Aligonga mara ya tatu, polepole. Kisha akaacha. Nikafikiri ameridhika.

Tulipofika Mwandiga jua lilikuwa limetoka, watu sokoni wamevaa mikono mifupi. Nikasimamisha pikipiki, nikamwambia ashuke. Hakushuka. Vidole vyake vilikuwa vimelishika koti langu kiunoni na havikufunguka. Wanawake walikuja wakavifungua kimoja kimoja, kama mtu anavyomenya ndizi mbichi. Konsolata alikuja mbio kutoka uani, mikono ina unga, akamkumbatia mama yake juu ya pikipiki. Bibi alifumbua macho. Nina hakika alimjua mwanawe. Lakini mataya yalikuwa yameshikamana, hakutoa neno.

Walimlaza karibu na mafiga, wakamkanda kwa mawese ya moto, wakampa uji wa kijiko. Uji ulitoka pembeni mwa mdomo. Konsolata aliponiona bado nimesimama mlangoni aliniuliza, kwa Kiswahili cha kubabaisha, "Kaka, njiani hakukwambia anasikia baridi? Hakusema kitu?"

Nikajibu, "Hakusema kitu."

Walimpeleka zahanati, wakaambiwa ni kichomi, na mwili umechoka hauna cha kupigania. Siku ya tatu akafariki. Tangu pale Kalinzi hakuwa amesema neno jingine kwa mtu yeyote.

Nyumbani kwetu Katubuka, jirani na Ujiji, sikumwambia mtu. Lakini habari ya msiba haina miguu na bado inafika. Mama yangu alikwenda kuwapa pole wafiwa, akarudi jioni, akavua mtandio, akakaa kwenye kigoda mbele yangu. Hakupandisha sauti. Mama hakuwa mtu wa kupandisha sauti.

"Yule binti ananiambia mama yake hakusema kitu njia nzima."

Nikajifanya nafunga kamba za viatu.

"Mzee kama yule, na nguo mbichi, kutoka Manyovu. Hakusema kitu, Shabani?"

"Nilikuwa sisikii, mama. Upepo."

"Mlisimama wapi?"

"Kalinzi."

"Kalinzi kulikuwa na upepo ndani ya kibanda?"

Hapo nikalia, nikamweleza yote, na boksi, na chai, na wale vijana. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea kofi, na kofi lingekuwa rahisi. Alisema tu hivi: "Ulipokuwa mdogo ukitoka kuoga ziwani ulikuwa unakuja kwangu meno yanagongana, hujajua kusema. Mimi nikikufunika kanga nakuuliza, imbeho? Nawe siku moja ukanijibu, imbeho. Ndilo neno la kwanza ulilolitamka katika maisha yako. Hukunijibu mama, hukunijibu baba. Na hilo ndilo umesema hulijui."

Akainuka akaenda kuwasha moto. Mpaka leo, nikiwa na mvi, sijapigwa pigo kubwa kuliko lile.

Sikulala vizuri siku mbili. Asubuhi ya tatu niliacha pikipiki, nikaenda Mwandiga kwa miguu. Nilikuwa nimesikia kwamba wageni wote wa pale watachukuliwa na malori kupelekwa kambini, na niliogopa kuchelewa, na kusema kweli niliomba pia nichelewe. Nilimkuta Konsolata anafunga mzigo wake. Nilisimama mbele yake kama mtoto wa shule aliyesahau somo. Kisha nikazungumza naye kwa Kiha, mara ya kwanza kuzungumza Kiha na mtu asiye mama yangu.

Nilimwambia: "Nilikudanganya. Mama yako alisema. Kalinzi, aliniambia imbeho. Nilimsikia, nikaelewa, nikaona haya mbele ya watu. Nilikuwa nimebeba chai yake nikainywa mimi. Akagonga nisimame, nami nikakimbia."

Alikaa juu ya mzigo wake. Nilingoja anilaani. Badala yake akauliza, "Alisema vipi? Sema kama alivyosema yeye."

Nikasema, "Imbeho, mwananje."

"Alikuita mwananje?"

"Ndiyo."

Akafunika uso kwa kitenge. Akalia kilio ambacho, nilivyoambiwa na wenyeji wake, hakuwa amekilia hata siku ya maziko. Alipotulia alisema, "Nilifikiri mama amekufa kimya. Kila siku najiuliza neno lake la mwisho lilikuwa nini, na kwa nani. Uliniibia, kaka. Sasa umelirudisha. Baridi aliyoipata sikusamehe leo, labda siku nyingine. Lakini neno nimelipokea."

Lori lilikuja mchana. Sikumwona tena. Sijui kama hiyo siku nyingine ilifika kwake.

Sasa sikiliza, mwanangu, wewe unayeshika usukani kwenye milima hii. Kipupwe kikija, jikinge. Usione aibu ya kuvaa koti kinyume wala boksi kifuani, na wakucheke. Lakini ukishajikinga, jua kwamba umeziba masikio yako pia. Mwili wako wenye joto utakudanganya kuwa dunia yote ina joto. Kwa hiyo kabla hujawasha, mguse abiria nguo. Zikiwa mbichi, usiondoke naye mpaka apate kavu, hata kama kavu yenyewe ni sweta lako. Mama mwenye mtoto mgongoni, mwambie amlete mbele, akae katikati yenu. Mzee, simama naye mara kwa mara, ashuke, akanyage chini, anywe cha moto. Na kama hawezi kushuka, hicho cha moto mpelekee alipo. Wala usikubali ishara ambayo hamkuelewana kabla ya safari. Mwulize kwanza: ukinigonga, unataka nini? Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kukimbia bila kujua unakimbizwa na nini.

Na haya yako, mwanangu, ichunge. Nawajua vijana wanaosifiwa kwa upole kumbe ni haya tu, na haya ikikosa mahali pake inaweza kuua mtu kama kisu. Mtu akikulilia kwa lugha ya mama yako, itika kwa lugha hiyo hiyo, wacheke wanaocheka. Mwacha asili ni mtumwa, na mimi nilikuwa mtumwa wa vijana watatu ambao leo hata majina yao sikumbuki. Ukikosea, usifunike kosa kwa uongo, maana hujui chini ya uongo ule umefukia mali ya nani. Nenda ukaseme. Usiende kwa kuwa utasamehewa, huenda usisamehewe. Nenda kwa kuwa kile ulichokisikia si chako.

Mungu akutangulie njiani na akufuate nyuma. Akupe kifua chenye joto na sikio lililo wazi. Mgeni atakayekushika kiuno afike kwa watu wake akiwa anaongea, akiwataja mmoja mmoja kwa majina. Amina.