Binti Yangu Amwamkia "Mzee Probesheni"

Jamani, leo nimeumbuka, na kosa ni langu.

Kuna jirani yetu hapa mtaani Shika Adabu aliyepewa kifungo cha nje. Asubuhi hufagia zahanati. Nyumbani mimi humwita "Probesheni", tunacheka.

Leo nimempeleka binti yangu hapo zahanati kutafuta dawa ya kikohozi. Tukamkuta anafagia. Mtoto, kwa adabu zote:

"Shikamoo, Mzee Probesheni!"

Foleni nzima ikageuka.

"Marahaba, mwanangu."

"Jina lako lina maana gani?"

Wallahi nilitaka kumziba mdomo! Yule bwana akaegemeza fagio ukutani.

"Ni neno la Kizungu, limekuja na mahakama. Maana yake kujaribiwa. Nilikosa, hakimu akasema nisifungwe, nitazamwe huku nje kama nitatengenea."

"Nani anakutazama?"

Akanigeukia mimi, wala si kwa hasira.

"Wote, mwanangu."

Nikafungua kinywa nimwombe radhi kwa jina lake. Jina silijui! Na mwaka mzima tumepakana ukuta.

Ikabidi nimuulize mbele za watu. Anaitwa Bakari.

Amenisamehe, lakini moyo bado unanisuta.

Nambieni kweli, nyinyi majirani zenu mnawaitaje wakiwa hawapo?