Derby Ikianza, Benki ya Damu Hunyang'anywa Nguvu

Saa tisa alasiri, Jumapili ya derby ya mpira. Mtaa wote wa Bel-Air uko mbele ya televisheni. Laurentine Numbi yuko kwenye chumba cha seva, kajifunga sweta kwa baridi ya mashine, na amefura kwa hasira.

"Shefu anasema nitoe prosesa ine za hopitali, nipatie bantu ba kubeti," anasema akigonga kioo cha kompyuta. "Ine! Hopitali ibakie na mbili. Sasa ile iko akili?"

Anahudumia kompyuta moja kubwa iliyogawanywa sehemu tatu: ya hospitali, ya kampuni ya kubeti na ya duka la vipuri. Prosesa zake, yaani bongo za mashine, zinazofanya kazi ni kumi na sita. Yeye huzihamisha, sehemu iliyolemewa akaiongezea, iliyotulia akaipunguzia.

Na kumbe ndani ya mashine hiyohiyo zimo nyingine nne, zimefungwa. Huamshwa kwa msimbo na kulipiwa kwa siku, na ziliwekwa kwa ajili ya siku kama hii. Mkurugenzi, yule shefu wake, hataki kuzilipia. Kwake ni rahisi zaidi kuwanyang'anya wagonjwa.

"Anasema dimanche, Jumapili kama leo, hopitali iko inalala. Nani alimuambia? Bamama banazala siku za kazi tu?"

Derby iliyopita alitii. Mpira haujafika mapumziko, akapigiwa simu na Plamedie Ntumba, muuguzi wa benki ya damu. Mama aliyejifungua alikuwa akivuja damu, na kompyuta inayoonyesha damu ipi iko friji ipi ilikuwa imeganda.

"Nilifungua mafrigo yote, nasoma mufuko kwa mufuko," anasimulia Plamedie. "Mama alipona. Lakini mikono yake ilikuwa imeisha kuwa baridi."

Laurentine alizirudisha prosesa za hospitali papo hapo, bila kumuuliza mtu. Kesho yake akafokewa mbele ya wenzake, eti wacheza kamari wamelalamika. Akaambiwa akirudia, kazi hana. Ana watoto watatu na hawana mwingine wa kuwalisha. Kumfokea mtu kwa kumwokoa mgonjwa, aibu iliyoje!

Simu inaita. Ni mkurugenzi, yuko uwanjani, vuvuzela zinalia nyuma yake. Mbona kubeti inakwama?

"Ndiyo shefu, naongeza sasa hivi. Naamusha zile ine zenye kulala. Za hopitali sigusi."

Anaandika msimbo huku simu ikifoka juu ya meza. Kwenye kioo, kubeti inapanda. Hospitali inabaki na sita zake.

Kwa gharama hiyo isiyoidhinishwa, kesho huenda akafukuzwa. Asipofukuzwa, derby ijayo ana ombi moja kwa mkubwa wake: asiende uwanjani.

"Aikale na Plamedie ku dirisha ya damu, pale famili za bagonjwa banangojea. Anitelefonie kutoka pale, aseme kwa nguvu, bote basikie: Laurentine, punguza hopitali." Anavuta sweta yake. "Akisema ile mbele yabo, nitapunguza."