Kuku wa Mzee Ndelilio na Spinachi ya Majini

Mzee Ndelilio wa Old Moshi hakuamini kitu chochote kinachouzwa kwa pakiti, na alikuwa na sababu yake. Ujanani alikuwa akipiga dawa kahawa za watu, na siku moja ng'ombe wake wa kwanza, mtamba mwenye mimba, alilamba ndoo ya dawa iliyosahauliwa chini ya mgomba. Alimfia mikononi, povu likimtoka. Tangu hapo hata chumvi ya chapa ngeni aliinusa kwanza.

Kwa hiyo mjukuu wake Kindness, aliyekuwa akiishi naye huku akisoma kidato cha tatu, aliporudi nyumbani na mfuko wa unga mweupe, mzee aliacha kukata majani ya ng'ombe akamfuata nyuma ya nyumba.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Hiyo ni nini?"

"Chakula cha mimea. Tuna jaribio la sayansi. Spinachi hizi nazipanda kwenye udongo wa kihamba, shamba letu hapa nyumbani, na hizi kwenye maji tu yenye huu unga. Halafu nalinganisha."

"Mmea bila udongo?"

"Ndiyo, Babu. Mizizi inaning'inia majini."

Mzee alichovya kidole kwenye ndoo, akakinusa, akaenda kukiosha mferejini kwa majivu.

Kilichomtisha zaidi ni jinsi zile za majini zilivyokua. Za udongo zilikwenda polepole, kama spinachi alizozijua maisha yake yote. Za majini zilitanua majani mapana, laini, yanayong'aa, kana kwamba kuna kitu kinazisukuma kutoka ndani. Kila asubuhi alizunguka ndoo zile mikono ikiwa mgongoni. Kindness alipozungumzia kuzipika, mzee alisema tumbo lilikuwa linamsumbua.

Akaamua kupata ukweli kwa njia yake. Alimfunga tetea mmoja mguu chini ya mparachichi, akawa anamchumia majani ya majini kimyakimya, Kindness akiwa shuleni. Tetea alikula vizuri. Kisha akaanza kusinzia. Akagoma kula, shingo ikapinda, na asubuhi moja mzee akamkuta amekauka.

Hakumngoja mtu. Alimwaga maji ya ndoo mbali na kahawa, akang'oa spinachi zote za majini na kuzifukia.

Kindness aliporudi alisimama na begi mgongoni, akitazama ndoo tupu.

"Nimekuokoa," mzee alimwambia. "Kuku amekula majani yako, amekufa."

"Kuku wangapi, Babu?"

"Mmoja."

"Na aliyekula ya udongo yuko wapi?"

"Hakuna."

"Na ambaye hakula yoyote?"

Mzee aligeuka akatazama kamba iliyobaki chini ya mparachichi.

"Basi hujui kilichomuua!" Machozi yalikuwa yanamtoka Kindness. "Ungeniuliza tu."

"Mtamba wangu alikufa mbele yangu. Sikuhitaji kuua kuku wa pili ndipo nijue."

Usiku ule Kindness alikula peke yake jikoni.

Jumapili, walipotoka ibadani, jirani yao Gladys aliwasimamisha njiani. "Ule ugonjwa wa kuku, kideri, umefika na kwako, Mzee? Kwangu banda limebaki tupu."

Mzee alimkazia macho. "Kuku wako hawakuja kudonoa nyuma ya nyumba yangu?"

"Wangekujaje? Niliwafungia tangu mahindi yaote."

Mzee alikwenda moja kwa moja bandani kwake. Kuku waliobaki, ambao hawakuwahi kuonja jani la majini, walikuwa wamejikunyata wakisinzia, na jogoo shingo imeanza kupinda. Alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Alitafuta njia yoyote ya kuzilaumu zile ndoo za spinachi, asiione.

Kesho yake alivaa koti lake la kanisani, akateremka na Kindness hadi shuleni. Mwalimu Theodory, aliyesimamia majaribio, alimpa kiti, lakini mzee hakuketi.

"Mwalimu, huyu mtoto hakuzembea. Mimi ndiye niliyeng'oa."

"Kwa nini, Mzee?"

"Niliogopa," alisema. Neno hilo Kindness hakuwahi kulisikia kinywani mwa babu yake.

Mwalimu alimruhusu Kindness kuanza upya, za udongo pia, ili zote ziwe za rika moja. Safari hii za majini zilitangulia tena, ila wiki ya jua kali, maji yalipopata joto, zilinyong'onyea, na za udongo zikastahimili. Kindness aliyasoma matokeo yote mawili mbele ya darasa, bila kuficha upande wowote.

Jioni alipika sufuria mbili. Mzee alimaliza spinachi ya udongo na ndizi zake. Kisha akavuta sahani ya pili, ile ya majini, akanusa, akatia tonge moja mdomoni, akatafuna kwa muda mrefu huku Kindness akimtazama.

"Haina ladha," alisema.

"Lakini umeimeza," alijibu Kindness, akamwongezea.